Pumzi ya Nkunga

Mmenilaumu, na lawama nimezipokea. Wiki nzima nimemwacha mtoto wa watu amelala kifudifudi shimoni, katikati ya mizoga ya mbuzi, na wengine mmepiga simu hadi chumba cha habari mkiuliza kama amekufa. Haya, tumrudie.

Ni mchana, katika Shimo la Nkunga, nje kidogo ya Muthara. Ukungu wa Julai umetulia juu ya vilima na hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Nusu ya kijiji imesimama ukingoni. Chini kabisa, kando ya kidimbwi cheusi, Vincent Mugendi hasogei.

Kijana huyu alikuja kutoka Siakago na kamera zake kumwinda Nkunga, joka la majini ambalo, kwa maneno ya wazee wa huku, upinde wa mvua ni pumzi yake. Droni yake ilianguka shimoni. Akashuka kuifuata, akaifikia, akainama kuiokota. Hakuinuka.

"Nkunga amemchukua!" mwanamke mmoja alipiga ukemi.

"Hajachukuliwa na yeyote," alisema Mwalimu Karwirwa, huku akijifunga leso kiunoni. "Amekosa hewa. Leteni kamba!"

Hakuna aliyesogea. Kamba iliyokuwepo ilikuwa moja tu, na ilikuwa imefungwa kwenye mikono ya bibi kizee.

Bibi huyo ni Regina, mjane ambaye nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na shimo. Mbuzi walipoanza kufa, kisha akafa mtu aliyeshuka kuwatoa, vijana waliamua kwamba yeye ndiye anayelifuga joka kwa maziwa. Walimfungia ndani ya stoo ya mahindi wiki nzima, na leo wakamkokota hadi ukingoni: ama aliite joka lake litoke, ama atupwe alifuate.

"Fungua hiyo kamba," Karwirwa alimwambia Mukiri, mwendesha bodaboda aliyekuwa kiongozi wa vijana.

"Na huyu mchawi akitoroka?"

"Mukiri, simu ya huyu kijana iko pale kwa stendi ya kamera, inarekodi. Akifa, polisi wataona ni nani alikuwa ameshika kamba na akakataa kuitoa. Fungua!"

Mukiri alisita. Mzee Kailemia, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, hakusita. Alipiga goti mbele ya bibi, akalifungua fundo kwa meno.

Karwirwa alijifunga kamba hiyo chini ya makwapa. "Mkiona nayumba, vuteni. Msingoje niite. Sitaweza kuita."

"Mama Ciku," Mzee Kailemia alisema kwa sauti ya chini. "Wewe una mtoto."

"Na huyu ana mama."

Alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akafunga mdomo, akateremka mbio.

Miaka yote alikuwa amelifundisha jambo hili ubaoni, kwa chaki, mbele ya wanafunzi wanaosinzia: hewa ya kaboni ni nzito, hukaa bondeni kama maji. Leo alikuwa anaingia ndani ya maji hayo yasiyoonekana. Yalipomfika magotini hakuhisi kitu. Yalipomfika usoni, macho yakaanza kumwasha.

Aliipita mizoga ya mbuzi. Walikuwa wamelala kama waliolala kweli, matumbo hayajavimba, macho wazi. Nzi hakuwepo hata mmoja.

Akamfikia Mugendi. Akamkumbatia kwa nyuma, akakiinua kichwa chake, akaanza kurudi kinyumenyume. Kamba ikakaza. Kifua kilikuwa kinapigana naye, kikitaka pumzi kwa lazima. Mguu ukateleza, akaanguka magoti, na mdomo ukafunguka bila idhini yake.

Kilichoingia kilikuwa kikali, kama soda inapopanda puani. Masikio yakavuma. Mwanga ukaanza kupungua kutoka pembeni.

Hapo ndipo alipokiona kidimbwi.

Maji yalikuwa yanainuka katikati. Hayakuchemka wala hayakuruka. Yaliinuka polepole, laini na meusi, kama mgongo wa kitu kinachojigeuza usingizini, na juu ya mgongo huo zilipita rangi: kijani, manjano, zambarau.

Kisha kamba ikamnyanyua, na giza likamfunika.

Alizinduka akiwa chali nyasini, kichwa kikigonga kama kinapigwa nyundo kwa ndani. Nyuso zilikuwa zimemwinamia. Hakuuliza chochote. Alitambaa hadi alipolazwa Mugendi, akamgeuza, akaanza kumkandamiza kifua kwa viganja viwili.

"Amekufa huyo, mwalimu. Mwache."

Aliendelea.

"Mwache bwana! Usimguse mtu ambaye ameguswa na..."

Mugendi akakohoa. Akakohoa tena, akatapika, akafungua macho mekundu kama pilipili.

Umati wote ukarudi nyuma, kana kwamba aliyefufuka angewauma.

"Joka gani," Karwirwa alisema, akihema, "joka gani linatema chakula chake?"

Mukiri ndiye aliyejikaza kwanza.

"Basi tuambie ni nini. Si wewe uko na vitabu? Mbona mbuzi wanakufa na hawaliwi? Mbona hata nzi hawataki kuwagusa?"

"Nzi nao wanakufa, Mukiri. Chochote kinachoshuka pale kikivuta pumzi, kinakufa. Hivi vilima vyote vilikuwa volkeno. Moto ulizima zamani, lakini chini bado kunatoka hewa. Haina rangi. Ni nzito, inajaa kwa shimo kama maji kwa sufuria. Mbuzi ni mfupi, anazama. Mtu mrefu anapita kichwa kikiwa juu, anafikiri hapa ni pazuri. Lakini akiinama..."

Alimwonyesha Mugendi kwa kidole.

"Mimi nikiwa kijana nilishuka hapo mara nyingi," Mzee Kailemia alisema. "Nilichota maji nikarudi. Mbona sikufa?"

"Kulikuwa na upepo, mzee. Upepo unalifagia shimo. Ni siku kama hii ya leo, imenyamaza hivi, ndiyo linajaa."

Mzee alitazama chini, kisha akatazama ukungu. Alionekana kuzikumbuka siku zake alizoponea bila kujua.

"Hiyo hewa ni kama ile gesi ya kupikia?" mwanamke mmoja akauliza.

"Hapana, mama. Ni ile mnakunywa kwa soda."

"Ati Nkunga ni soda?"

Kicheko kikapasuka. Kilikuwa cha kwanza tangu mbuzi waanze kufa, na kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Watu walishikana mabega. Hata Mukiri alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Karwirwa alihisi machozi yakimjaa, akayafuta kwa ncha ya leso. Alikuwa ameshinda. Bibi hatatupwa shimoni na mtu.

Mugendi peke yake hakucheka.

"Nilikuambia usishuke," Karwirwa alimwambia, akimnywesha maji. "Si ulisikia?"

"Nilisikia." Sauti ya kijana ilikuwa imekwaruzika. "Mwalimu, nikiwa darasa la nne, babangu alienda kutafuta mbuzi kule Kiang'ombe. Hakurudi. Kila mtu aliniambia ni chui. Padre, polisi, mamangu, wote, chui. Na hakuna hata mmoja wao alienda kuangalia." Alimeza maji kwa shida. "Kwa hivyo mimi huenda kuangalia."

"Na umeona nini?"

Alimtazama moja kwa moja. "Kile wewe umeona, uliponiinua kichwa. Mgongo, na rangi."

Karwirwa aligeuza uso. "Ubongo ukikosa hewa unaona mambo mengi."

"Sisi wawili? Mambo yaleyale?"

Mzee Kailemia alikuwa amevua kofia na kusimama mbele ya Bibi Regina. Kicheko kikafa chenyewe.

"Mama Regina," alisema mzee, "tumekukosea. Tumekufungia kama mnyama, na kumbe ni hewa tu. Mukiri, njoo hapa uombe msamaha."

Bibi alikuwa ameketi juu ya jiwe, akijisugua vifundo vya mikono pale kamba ilipokuwa imemchuna. Alikuwa mdogo wa mwili, na sweta lake la kijani lilikuwa limejaa mabua ya mahindi.

"Maneno ya mwalimu ni mazuri," alisema. "Nimeyasikia. Lakini mimi hamjaniuliza."

"Tukuulize nini, mama?"

"Kama ni kweli nilikuwa nampelekea Nkunga maziwa."

Karwirwa alimsogelea haraka. "Nyanya, nyamaza. Yamekwisha."

"Hayajakwisha. Ni kweli. Nilikuwa nampelekea."

Bibi aling'oa bua moja la mahindi kwenye sweta lake.

"Mama yangu alimpelekea. Na mama yake pia. Kibuyu kimoja asubuhi, unamwaga kando ya maji, unaenda zako. Haukuwa uchawi, Mukiri. Ni kama kumfunga ng'ombe kamba. Akishiba, anakaa kwake." Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatisha. "Sasa mmenifungia kwa stoo wiki nzima. Nani amempelekea?"

"Murungu wakwa, Mungu wangu," mtu akanong'ona.

"Mnaona!" Mukiri akaruka. "Amekubali kwa mdomo wake! Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia mtu anayemwaga maziwa," Karwirwa alisema kwa ukali. "Maziwa hayaui mbuzi. Mwacheni!"

Lakini alihisi umati ukimponyoka. Vijana walikuwa wanasogea. Mmoja tayari alikuwa ameiokota kamba.

"Mwalimu." Ni Mugendi. Alikuwa amejikokota hadi kwenye stendi, ameshika simu yake. "Mwalimu, njoo uone hii. Njoo haraka."

Simu ilikuwa imeliangalia shimo muda wote. Wakati watu wote walipokuwa wanavuta kamba na kumtazama Karwirwa, yenyewe ilikuwa inatazama maji.

Vichwa vikasongamana juu ya kioo kidogo. Walimwona Karwirwa akianguka magoti. Walimwona akivutwa. Na nyuma yake wakaona kidimbwi kikiinuka, kikubwa kuliko alivyokumbuka, kikaning'inia kidogo, kikapasuka bila sauti. Kitu cheupe kama ukungu kilitoka ndani yake. Hakikupanda juu. Kiliteleza ardhini, kikavuka mizoga ya mbuzi, kikaenda upande wa pili ambako ukingo wa shimo umebomoka na kuacha pengo. Popote kilipopita, majani yalilala, kama yanakanyagwa na kitu kizito. Kilipita kwenye pengo. Mkia wake ulikuwa mrefu. Kisha picha ikabaki tupu.

"Imetoka," alisema Karwirwa.

"Ametoka," alisema Bibi Regina.

Walisema kwa pamoja. Herufi moja tu ndiyo iliyowatenganisha.

Karwirwa alimnyang'anya Mugendi simu, akatazama tena. Ndiyo. Kidimbwi kimetapika. Hewa yote iliyokuwa imejikusanya chini ya matope kwa miaka imetoka kwa mara moja, ikamwagika kupitia pengo kama maji ya bwawa lililopasuka. Ilikuwa inateremka mlima wakati walipokuwa wanacheka habari za soda.

"Hilo pengo linaangalia wapi?" aliuliza, ingawa alijua. Alitaka mtu mwingine aseme, na ataje mahali pengine.

Mukiri ndiye aliyesema. "Nasari."

Chini ya pengo, mwisho wa njia ya ng'ombe, ipo shule ya nasari ya chumba kimoja. Ilikuwa imefungwa kwa hofu ya Nkunga tangu mbuzi waanze kufa. Juzi ilifunguliwa tena. Mwalimu wake, Celina, hakutaka. Alitiwa moyo na rafiki yake aliyekwenda kwake jioni, akanywa chai yake, akamhakikishia kwamba hakuna joka duniani na kwamba watoto wanapoteza masomo bure.

Rafiki huyo alikuwa Karwirwa. Na asubuhi hii yeye mwenyewe alikuwa amempeleka bintiye Ciku, akamfunga vifungo vya sweta langoni, ili wazazi wengine waone.

Saa hizi watoto wameshakunywa uji. Saa hizi wanalala. Nao hulala wapi? Juu ya mikeka, sakafuni.

"Pandeni juu!" Karwirwa alipiga kelele. "Wote, mkae mahali pa juu! Mtoto yeyote asiwekwe chini! Mzee, mshike huyu kijana!"

Alikuwa ameshaanza kukimbia pale mkono mkavu ulipomshika. Bibi Regina alikuwa amesimama, na nguvu za vidole vyake hazikuwa za umri wake.

"Mwalimu. Ukimkuta, usimpigie kelele."

"Niache, nyanya!"

"Hajazoea kelele," alisema bibi, akamwachilia.

Pikipiki ikanguruma nyuma yake. Ni Mukiri, uso wake umekuwa wa kijivu.

"Panda."

Karwirwa alimtazama sekunde moja.

"Kijana wangu yuko hapo," Mukiri alisema. "Nilimpeleka kwa sababu nilikuona ukimpeleka wako. Panda!"

Walishuka njia ya ng'ombe kwa kasi ya kichaa, mawe yakiruka. Kushoto kulikuwa na mashamba ya miraa juu ya matuta. Kulia, korongo lililotoka moja kwa moja kwenye pengo. Karwirwa alitazama kulia na kutamani asingetazama. Kwale walikuwa wametawanyika kama mawe ya kahawia. Mbwa alikuwa amelala katikati ya njia yake, mguu mmoja mbele, kana kwamba alilala akitembea. Mbele kidogo ng'ombe alikuwa amesimama juu ya ndama wake. Kila akiinamisha kichwa kumlamba, miguu yake ilitetemeka, akakiinua tena haraka, akatazama pande zote kwa mshangao.

"Nenda juu!" Karwirwa alimpigia kelele sikioni. "Panda kwa matuta!"

"Hii ndiyo njia fupi!"

Njia iliinama kuingia korongoni. Pikipiki ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Mukiri alipiga teke mara kwa mara. "Ina mafuta! Nimejaza asubuhi, ina mafuta!"

Karwirwa alishaonja ule ukali puani. Injini nayo huvuta pumzi. Alimkamata Mukiri kwa kola ya jaketi, akamvuta kutoka kwenye kiti, wakapanda ukuta wa mawe wa tuta kwa mikono na magoti. Juu, kati ya miraa, Mukiri alianguka chali akivuta hewa kama mtu aliyeopolewa mtoni.

"Sasa umeamini?" Karwirwa aliuliza.

"Naamini chochote unataka. Twende."

Wakakimbia juu ya matuta, wakiruka kutoka shamba hadi shamba, na kila waliposhuka mtaro walifunga midomo na kubana pua. Miba ilimpasua Karwirwa sketi. Hakuhisi. Alikuwa anahesabu jambo moja tu kichwani: urefu wa Ciku akiwa amelala. Ni upana wa kiganja kutoka sakafuni hadi puani kwake.

Nasari ikatokea chini yao, mbao zilizopakwa rangi ya samawati na paa la mabati, na nyuma yake ukuta wa kijani wa msitu unaopanda Nyambene. Bembea ilikuwa imesimama. Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo. Mlango ulikuwa wazi.

"Ciku!"

Hakuna.

"Celina! Mwalimu Celina!"

Mukiri alitaka kuingia mbio, Karwirwa akamzuia kwa kiwiko. "Kiberiti. Una kiberiti?"

Alikuwa nacho. Karwirwa alichuchumaa mlangoni, akawasha njiti, akaishusha polepole kuelekea sakafuni huku akiomba kwa maneno aliyoyajua tangu utotoni. Njiti ikafika kwenye saruji, mahali ambapo ile hewa ingeizima.

Ikawaka. Mwali ulikuwa mzuri, wa manjano, umesimama wima.

Aliwasha nyingine, akaipeleka ndani zaidi. Ikawaka vilevile. Hewa ilikuwa safi kama ya kanisani asubuhi. Lile wimbi lilikuwa limeishia korongoni. Halikufika hapa.

Karwirwa aliingia akicheka na kulia kwa pamoja, na kicheko kikamkauka kinywani.

Mikeka ilikuwa imetandikwa safu kwa safu. Blanketi zilikuwa zimekunjuliwa upande mmoja, kama watoto wanavyozikunjua wanapoamshwa vizuri, bila haraka. Kiti cha Celina kilikuwa kimesukumwa nyuma ya meza, na shali lake lilikuwa limening'inia juu yake. Chumba kilikuwa hakina mtu.

Alipiga goti kwenye mkeka wa Ciku, aliojua kwa kiraka chake chekundu. Akaweka kiganja. Ulikuwa bado na joto.

"Amewatoa," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji. "Celina amewatoa. Pengine ameona ndege wakianguka, akashtuka, akawapandisha mlimani. Ni mwanamke mwenye akili."

"Bila viatu?" aliuliza Mukiri.

Alikuwa amesimama kizingitini. Kando ya ukuta, viatu vidogo vilipangwa jozi kwa jozi, visigino ukutani, vyote. Mukiri aliinama akaokota buti moja ndogo ya mpira, ya manjano, akaikumbatia kifuani.

"Na Celina mwenyewe," alisema. Viatu vyake vyeusi vilikuwa mwisho wa mstari.

"Walikuwa na haraka."

"Mwalimu." Mukiri hakuwa anatazama viatu tena. "Njoo nje."

Nyuma ya nasari nyasi zilikuwa zimelala. Zilikuwa zimelala upande mmoja, zimebanwa matopeni, katika njia pana kama mlango, iliyoanzia chini ya dirisha la chumba na kwenda moja kwa moja msituni. Ilikuwa imelowa. Maji meusi yalikuwa yamekusanyika kwenye mikunjo yake, na juu ya maji hayo, katika mwanga ule mdogo wa ukungu, zilielea rangi: kijani, manjano, zambarau.

Karwirwa alitafuta akilini kama mtu anayepekua kabati gizani. Gogo. Mtu ameburuta gogo. Gunia. Tangi la maji. Kila jina aliloliokota alilitupa, kwa sababu ya zile nyayo.

Zilikuwa pande zote mbili za njia ile, nyayo ndogo za miguu mitupu, vidole vyote vikionekana wazi kwenye tope. Hazikuwa zimekimbia. Hazikuwa zimeburutwa. Zilikwenda sambamba na kitu hicho, hatua fupi fupi za utulivu, jinsi watoto wanavyotembea wakiwa wameshikana mikono. Na mbele yao zilitangulia nyayo za mtu mzima mmoja.

"Mwalimu," Mukiri alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeomba kudanganywa. "Hii pia ni ile gesi?"

Karwirwa alifungua mdomo kumjibu. Kisha akainua mkono kumnyamazisha.

Kutoka msituni, juu kabisa, mahali ambapo njia hakuna, sauti zilikuwa zinateremka. Nyembamba, tamu, zote kwa pamoja. Watoto walikuwa wanaimba. Aliisikia ya Ciku kati yao, ikichelewa kidogo kama kawaida yake.

Ulikuwa ule wimbo wanaoimbiwa wageni wa shule. Watoto huuliza, ubeti kwa ubeti: umetoka wapi, umekula nini, utakaa nasi mpaka lini? Kisha hunyamaza na kungoja, ili mgeni ajibu.

Wakaimba mpaka mwisho wa swali. Wakanyamaza.

Na mgeni akajibu.